Kuonja IPA dabo yenye ukungu na chakula cha kuiwekea: mwongozo wa Kisumu

Ukiketi kwenye baa yoyote ya Kisumu, kabla simu haijatua mezani mhudumu ameshakuuliza: "Mkubwa, baridi ama moto?" Kwa laga ya kawaida swali hilo linatosha. Kwa IPA dabo (double India Pale Ale) yenye ukungu halitoshi. Bia hii ikitoka kwenye friji iliyokaza baridi haikupi harufu yoyote ya maana, na ikifikia joto la mchana wetu inageuka tamu ya kuchosha, kileo kikitangulia mbele ya kila kitu. Unayoitafuta iko katikati ya baridi na moto, na hapo katikati haikai sana. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuikamata inapopita, halafu kujua uiweke kando ya sahani gani.

Ujue umeshika nini

IPA kwa asili ni bia ya Waingereza, yenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) nyingi kuliko bia zao nyingine. Wamarekani ndio walioizidisha. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo, akiwa kwenye kiwanda kidogo cha Blind Pig huko California, aliongeza kimea na hopsi akapata ile inayoitwa dabo. Ukungu ulitoka upande wa pili wa nchi hiyo, jimbo la Vermont, ambako kiwanda cha The Alchemist kilikuwa kikiuza Heady Topper, bia ya asilimia 8 isiyochujwa. Ilipoanza kutiwa mikebeni mwaka 2011 watu walikuwa wanavuka majimbo kuifuata. Mwaka 2018 Brewers Association, chama cha wapika bia wadogo wa Marekani, kiliipa aina hii nafasi yake rasmi kwenye miongozo ya mashindano. Kwa hiyo ni bia changa, na wapishi wake bado wanabishana kuhusu inavyopaswa kuwa.

Ukungu wenyewe si uchafu, wala si hamira iliyosahauliwa. Mpishi huchanganya kimea cha shayiri na oti na ngano, nafaka zenye protini nyingi. Protini hizo hushikana na polifenoli za hopsi, kemikali za asili za mimea, zikabaki zinaelea. Hopsi nazo nyingi hutiwa moto ukishazimwa, na nyingine wakati bia inachachuka au ikishachachuka. Hopsi zikichemshwa kwa muda mrefu hutoa uchungu, na mafuta yake ya harufu huondoka na mvuke. Zikitiwa mwishoni, harufu hubaki na uchungu hupungua. Ndiyo maana mtu aliyewahi kuonja IPA ya zamani akakunja uso anaweza kuipenda hii.

Sasa kileo. Nyingi ziko kati ya asilimia 7.5 na 10. Chukua Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2: ina mililita 21 za kileo halisi. Mkebe wa mililita 440 wenye asilimia 8 una mililita 35. Yaani mkebe mmoja ni kama Tusker moja na theluthi mbili, tena unanukia juisi ya matunda na unateremka vivyo hivyo. Gawaneni mkebe mmoja watu watatu au wanne. Kwa kuonja, mililita mia moja na kitu kwa kila mtu zinatosha kabisa, na yeyote atakayeendelea baada ya hapo arudi nyumbani kwa teksi, funguo za gari zibaki mfukoni.

Kununua, na kuifikisha salama

Huku kwetu si bia ya kukuta kila duka. Nairobi ndiko kwenye wapika bia wadogo, kina Bateleur na 254 Brewing Company, na ndiko kwenye maduka yanayoleta mikebe ya ng'ambo. Popote utakapoipata, kabla ya kutazama picha nzuri ya ubavuni, geuza mkebe usome chini. Unatafuta tarehe ya kutiwa mkebeni. Tarehe ya mwisho wa kuuzwa haikusaidii sana, kwa sababu kiwanda kinaweza kuiweka mbali huku harufu ya hopsi ikiwa imeshakwisha zamani. Ndani ya miezi miwili, nunua. Miezi mitatu, nunua ikiwa tu imekaa kwenye friji muda wote. Miezi sita kwenye rafu ya dirishani, jua likiipiga kila alasiri, iache hapo hata kama bei imeshushwa. Hasa kama bei imeshushwa.

Wafanyabiashara wa bia wana kipimo cha kukadiria wanachokiita 3-30-300: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si hesabu ya maabara, lakini mtu wa Kisumu anapaswa kuichukua kwa uzito, maana hizo nyuzi 32 si mgeni hapa. Buti la gari lililoegeshwa juani hupita hapo kwa mbali. Ukisafirisha kutoka Nairobi kwa basi, usikubali mikebe iende chini na mizigo. Ipange kwenye kikapu kidogo cha plastiki cha kubebea barafu, katikati uweke chupa za maji yaliyoganda, ukae nacho miguuni. Ukifika, isimamishe wima kwenye friji usiku kucha, mashapo yapate kutulia.

Kuna na tatizo la kinyume chake: bia iliyo changa mno. Ikiwa imetiwa mkebeni juzi tu, vipande vidogo vya hopsi vinaweza kukukwaruza koo kama umemeza majani makavu. Iache wiki moja au mbili kwenye friji, ukali huo utashuka.

Nenda sokoni kwanza

Hatua hii haimo kwenye miongozo ya wenzetu, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Maelezo ya bia hizi huandikwa na watu wa nchi baridi, hivyo utasoma habari za laichi, nektarini na stroberi-pori, matunda ambayo pua yako haina kumbukumbu nayo. Halafu unaonja, huyaoni, unadhani shida ni wewe. Kumbe harufu zenyewe unazo nyumbani. Ile thioli, kemikali ya harufu, inayofanya karakara inukie karakara, ndiyo inayopatikana kwenye mapera, na ndiyo inayopatikana kwenye hopsi. Mirsini, mafuta yanayoongoza katika hopsi nyingi, yamo pia kwenye embe. Ganda la chungwa na hopsi vina limonini. Mtoto aliyekua akipanda mipera ya Siaya au Vihiga amefundishwa nusu ya kazi hii bila kujua.

Basi pita soko la Kibuye asubuhi ununue pera moja lililoiva mpaka linanukia mfukoni, karakara mbili zilizokunjamana ngozi, embe, kipande cha nanasi na chungwa au ndimu. Nyumbani yakate vipande, kila tunda kwenye kisahani chake. Lile chungwa likwaruze ganda kwa ukucha. Kabla ya kufungua bia, pitisha pua kwenye visahani vyote mara mbili. Unaipa pua majina ya kushikilia.

Soma pia mkebe, maana wapishi wengi huandika aina za hopsi walizotumia. Ukiona Galaxy, hopsi ya Australia, anzia kwenye karakara. Citra hukupeleka kwenye machungwa na embe. Mosaic ina embe na beri, na mara nyingine kitunguu kidogo ambacho wengine hukipenda, mimi sikipendi. Nelson Sauvin ya New Zealand hunukia zabibu nyeupe.

Glasi na joto

Usinywe kwenye mkebe, japo Heady Topper yenyewe imeandikwa mkebeni kuwa inywewe humohumo. Pua inahitaji nafasi. Glasi ya mvinyo ya supamaketi, ile yenye tumbo na mdomo uliobana, inafaa kuliko kikombe kirefu cha bia. Ioshe kwa sabuni kidogo, isuuze kwa maji mengi, iiname ikauke yenyewe, maana kitambaa cha jikoni huacha mafuta ya samaki wa jana. Dalili ya glasi isiyo safi ni viputo kung'ang'ania ubavuni na povu kufa haraka.

Toa mkebe kwenye friji dakika kumi au kumi na tano kabla. Unataka kuanzia nyuzi 7 hivi na kumalizia kwenye 12 au 13. Huna kipimajoto? Kunywa tone moja: kama meno yanauma, subiri. Mchana wa Januari au Februari dakika hizo zipunguze nusu, na ukionjea barazani kaa kivulini. Glasi ishike kwenye mguu wake. Kiganja kiwe cha kuipasha pale unapotaka tu.

Kama siku hiyo mna bia nyingine, hii iwe ya mwisho. Ukianza nayo, kila kitakachofuata kitakuwa maji.

Kuonja kwenyewe

Mimina kwa kuinamisha glasi, kisha inyooshe katikati ili upate povu la vidole viwili. Acha kidogo chini ya mkebe. Kama kuna vipande vinavyoelea au tope zito, vibaki humo.

Tazama rangi kwenye mwanga wa dirisha. Inayofaa ni ya manjano iliyofifia hadi rangi ya juisi ya chungwa, iking'aa ingawa huwezi kuona ng'ambo. Inayokuambia habari mbaya ni ile iliyoanza kuwa kijivu au kuvuta zambarau na kahawia. Hewa imeshaingia humo, na mara nyingi pua itakuthibitishia.

Kisha nusa. Watu hukosea hapa kwa kuzamisha pua na kuvuta pumzi ndefu moja, ambayo huichosha pua na kuleta kileo tu. Pitisha glasi chini ya pua mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili izungushe kidogo, uvute pumzi fupi mbili tatu. Rudi kwenye visahani. Ni pera, au karakara? Kama ni embe, ni bichi la chumvi na pilipili au lililoiva likaanza kulegea? Tofauti hiyo ni kubwa, na Mswahili yeyote anaijua. Andika maneno matatu, usizidishe. Mkiwa wengi kila mtu aandike kimya kimya kabla ya kusema, la sivyo wa kwanza kutamka "nanasi" ataifanya meza nzima inuse nanasi.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, kisha toa pumzi puani mdomo ukiwa umefumbwa. Pumzi hiyo ya kurudi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ladha, na ndipo mara nyingi karakara iliyokuwa imejificha hujitokeza. Funda la pili ni la kupima mwili wa bia. Oti hutoa ulaini kama uji mwepesi, na wapishi wengi huongeza kloridi kwenye maji kuusaidia. Ukiona ni nzito mpaka inagandamana na ulimi, mpishi amepitiliza. Funda la tatu fuatilia uchungu: unapaswa kuja nyuma, ukae kidogo, uondoke. Uchungu usipokuwepo kabisa umebaki na soda ya kileo. Kuna wapishi wanaouza hivyo, na wateja wanao.

Sasa iache glasi dakika kumi, mzungumze mengine, kisha rudia yote. Utashangaa. Kilichokuwa ganda la chungwa kimekuwa embe, na kifua kinaanza kuhisi joto la kileo. Joto hilo likiwa la taratibu ni sawa. Likichoma kama chang'aa, bia ilichachushwa vibaya.

Kasoro nyingine za kuzijua: harufu ya karatasi ya boksi lililolowa, au asali iliyochakaa, ni uzee. Siagi iliyoyeyuka ni jambo linalozipata hasa bia za hopsi nyingi, kwa sababu hopsi zina vimeng'enya vinavyoamsha uchachukaji upya, na kiwanda kikiharakisha kutia mkebeni siagi hiyo hubaki ndani. Mahindi ya kuchemsha yanatoka kwenye upishi wa kimea. Hakuna kati ya hizi itakayokudhuru. Zinakunyima tu ulicholipia.

Samaki, kisha vingine

Chakula cha kwanza kuijaribu nacho ni ngege (tilapia) mzima wa kukaanga. Ukienda ufuo wa Dunga, mwambie anayekaanga: "Mama, huyu mkaange akauke, usimtie nyanya." Chumvi ya ngozi yake hupunguza uchungu wa hopsi mdomoni, gesi ya bia huosha mafuta, na ukikamulia ndimu, ndimu na hopsi huungana. Anza na ile nyama ya shavu, ni laini na ina mafuta kidogo. Meza, piga funda, halafu tonge la ugali mtupu. Ugali hauna chumvi wala mafuta, kwa hiyo unafuta ulimi vizuri kuliko biskuti zinazotumiwa kwenye maonyesho ya bia. Kachumbari iwe na dhania ya kutosha na kitunguu kilichooshwa kwa maji ya chumvi kupunguza ukali.

Samaki wa mchuzi wa nyanya ni hadithi nyingine. Uchachu wa nyanya huifanya bia ionekane tamu na nzito kuliko ilivyo, na mchuzi mzuri unapotea bure. Kipande cha mbuta (sangara) cha kukaangwa, chenye mafuta yake, kinakubali. Omena (dagaa) nampenda, lakini si hapa: uchungu wake na wa hopsi vikikutana huacha ladha ya chuma inayokaa mdomoni mpaka usiku. Omena apewe laga.

Pilipili ndiyo itakayowaponza wengi, kwa sababu mazoea yetu ni bia na pilipili. Kwa bia ya asilimia 4 haina neno. Kileo kikipanda hadi 8 huuchochea moto wa pilipili, na uchungu wa hopsi hujiunga nao, ukabaki unahema. Punguza pilipili, usiiondoe yote. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1901 mji huu umekuwa na majiko ya Kihindi, na huko ndiko utakakopata wenzi wazuri wa bia hii: bhajia za viazi na chatni ya ukwaju, sambusa za dengu, paneer iliyochomwa kwa viungo vya upole. Giligilani iliyosagwa, yaani mbegu za dhania, ina linaloli nyingi, mafuta yaleyale yaliyomo kwenye hopsi, kwa hiyo chakula chenye giligilani huingia bila kubisha hodi.

Mbavu za mbuzi za kuchoma zinafaa, mradi zisiungue. Makaa yakiacha weusi kwenye nyama, uchungu wa weusi huo na wa hopsi hujumlishana. Mwombe mchomaji atoe mapema kidogo. Kuku wa kienyeji wa Kiluhya nampa jibu la pande mbili: akichomwa, ndiyo, akipikwa kwa mchuzi wake uliotulia jikoni saa kadhaa, hapana, kwa kuwa mchuzi ule haustahili kufunikwa na embe. Aliya, ile nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ikitiwa mo dhiang' (samli ya ng'ombe) inaweza kusimama na bia hii kifua kwa kifua, moshi kwa tunda. Mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, waachieni wenyewe.

Mboga zina somo lake. Osuga (mnavu) iliyochemshwa tu huongeza uchungu juu ya uchungu. Ila ile iliyomwagwa maji ya kwanza, ikalazwa na maziwa siku mbili ikipashwa taratibu, ni kitu kingine kabisa: maziwa yameushika uchungu, na oti za bia zinakutana na ule ulaini.

Tamu iwe mwisho na iwe kidogo. Chukua yale matunda ya visahani, nanasi ulipitishe kwenye makaa mpaka pembe zianze kushika rangi, embe ulinyunyizie chumvi na ndimu. Keki ya karoti ni nzuri sana. Chokoleti nyeusi usiijaribu.

Kilichobaki kwenye mkebe hakirudi friji kikafaa kesho. Harufu huwa imeondoka na gesi imekufa. Usikitie kwenye mchuzi pia, maana ukichemka maji hupungua na uchungu hubaki wote sufuriani. Koroga na unga wa ngano na chumvi mpaka uwe mzito wa kushika kijiko, chovya vipande vya mbuta, kaanga kwenye mafuta yaliyochemka vizuri.